KUSUSIA BIDHAA: NANI ATIA SAHIHI, NANI ALALA NJAA?

Ndugu wafanyakazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a, Kerugoya, Embu na Meru,

Kila mwaka tarehe 20 Oktoba nchi yetu huwakumbuka mashujaa. Siku hiyo, mwaka 1952, Gavana Baring alitia sahihi amri ya Hali ya Hatari, na usiku huo askari wakaanza kuwakamata viongozi. Miongoni mwao alikuwamo Fred Kubai, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Habari hiyo kila mtoto wa mlima huu ameisikia kwa babu yake.

Lakini tarehe hiyo ina habari nyingine isiyotajwa jukwaani. Mnamo 20 Oktoba 1774, miaka 178 kabla ya Baring kushika kalamu, wajumbe wa makoloni 12 ya Mwingereza huko Marekani walikuwa wamekutana katika mji wa Philadelphia. Wakatia sahihi mapatano ya kususia biashara ya Uingereza.

Kwa nini twawaletea habari za Marekani katika gazeti la wafanyakazi wa Nyeri? Kwa sababu katika nchi yetu hazipiti siku nyingi kabla mkubwa fulani hajasimama jukwaani akatuambia: msinunue hiki, acheni kile. Twampigia makofi. Yeye apanda gari lake akaenda zake, na kesho yake wanaokosa ni sisi. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kunyamazia jambo hili. Yapasa tuseme waziwazi mgomo wa kununua ni mali ya nani.

Sisi twasema hivi: mgomo wa kununua ni wa yule anayekosa. Asiyekosa kitu hana haki ya kuuanzisha peke yake, wala hana haki ya kuumaliza peke yake.

WALIVYOFANYA WAMAREKANI

Wamarekani wale walikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria, lakini katika Bunge la London hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Hata hivyo Bunge hilo liliwatoza kodi. Mwaka 1767 liliweka ushuru juu ya vioo, karatasi, rangi, risasi na majani ya chai. Mwezi wa Mei 1769 wajumbe wa baraza la Virginia walilalamika, na Gavana Botetourt akalivunja baraza lao.

Je, walirudi nyumbani wakalala? La. Walitoka nje, wakatembea hadi hoteli moja ya mji wa Williamsburg iliyoitwa Raleigh, wakaketi huko na kutia sahihi kwamba hawatanunua bidhaa zilizotozwa ushuru. Mmoja wao alikuwa George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi ile. Mwaka 1770 London iliondoa ushuru ule, isipokuwa wa chai. Mwaka 1773 shehena ya chai ikatupwa baharini katika bandari ya Boston, na Mwingereza akaifunga bandari hiyo. Baraza la Virginia likatangaza siku ya kufunga na kuomba. Gavana mwingine, Dunmore, akalivunja tena mwezi wa Mei 1774. Wajumbe wakarudi hotelini kwao! Wakatoa mwito wa mkutano wa makoloni yote, na ndio uliokutana Philadelphia.

Katika mapatano ya Philadelphia yako mambo matatu ambayo sisi wafanyakazi twayasifu.

Kwanza, yalikuwa na tarehe. Kuanzia 1 Desemba 1774 bidhaa za Uingereza zisiingie. Kuanzia 10 Septemba 1775, kama London haijasikia, mazao ya Marekani yasitoke. Kila mtu alijua mlango utafungwa lini, na ni jambo gani litakaloufungua.

Pili, kila wilaya na kila mji ulichagua kamati ya kuangalia. Mvunja mapatano alitangazwa jina lake gazetini.

Tatu, na hili ndilo twaomba mlishike, kulikuwa na sharti la bei. Wenye maduka walikatazwa kunufaika na upungufu. Iliwapasa kuuza kwa bei ile ile waliyouzia miezi 12 iliyotangulia. Waliotunga sharti hilo walijua kwamba bidhaa ikiadimika, wa kwanza kufurahi ni mwenye ghala.

Na mgomo ulikaza. Mwaka 1775 bidhaa za Uingereza zilizoingia makoloni hayo zilishuka kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Walioketi hotelini walikuwa mabwana wenye mashamba. Washington alikuwa na watumwa wengi. Wenzake wengi vile vile. Waliandika kwamba hawatakubali kufanywa watumwa na Mwingereza, na huku nje mtumwa mwenye ngozi kama yetu alikuwa amewashikia farasi. Ni kweli walipatana kutoleta watumwa wapya. Lakini waliokuwa shambani tayari walibaki shambani. Hakuna aliyewauliza watavaa nini nguo za ng'ambo zikikoma kuingia. Na matajiri wa mpunga wa South Carolina walipodai mpunga wao uendelee kuuzwa Ulaya, waliruhusiwa. Mpunga wa mkubwa uliachwa mlangoni, tumbaku ya mwingine ikafungiwa.

Na yakatokea yaliyotokea. Mwezi wa Novemba 1775 Gavana Dunmore alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote akikimbilia jeshi la Mfalme na kushika silaha atakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa kuwapenda, alitaka askari. Lakini mamia walikwenda. Mabwana waliosusia chai wakasusiwa na watumwa wao wenyewe. Usipomwuliza mtu siku ya kutia sahihi, usishangae siku ya shida ukimkosa.

WALIVYOFANYA WAZEE WETU

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tuna historia ya kususia, na si fupi.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya Mfalme ya kuwa jiji. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la wakati ule, East African Trade Union Congress, rais wake akiwa Fred Kubai na katibu mkuu Makhan Singh, liliwaambia wafanyakazi wasiende kwenye sherehe. Jiji la nani, ikiwa anayelijenga hana pa kulala? Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wakagoma, na mgomo ukadumu zaidi ya wiki moja. Makhan Singh alipelekwa kaskazini, akazuiliwa huko hadi mwaka 1961. Angalieni vizuri, ndugu. Aliyewaambia watu wakose sherehe, yeye mwenyewe alikosa uhuru wake zaidi ya miaka 11. Huyo alikuwa na haki ya kutuambia jambo.

Mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, ikatoka amri ya msituni: Mwafrika asipande basi la Nairobi, asivute sigara za kampuni, asinywe bia ya Mzungu. Mwezi wa Septemba mabasi yakaanza kwenda matupu. Watu wakatembea alfajiri kutoka Pumwani, Kaloleni na Bahati hadi viwandani, na jioni wakarudi kwa miguu hiyo hiyo. Wengi wao walikuwa wana wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru, na mshahara wao ndio uliolisha nyumba za huku mlimani. Miezi ikapita, na watu wakaendelea kutembea.

Mfanyakazi wa 1953 alikuwa na nini cha kususia? Hakuwa na shamba la kahawa, maana kwa miaka mingi Serikali ya kikoloni ilikuwa imelikataza zao hilo mikononi mwa Mwafrika, isipokuwa kidogo Meru, Embu na Kisii. Hakuwa na hisa wala ghala. Alikuwa na senti za basi, senti za sigara na senti za bia. Alizihesabu akaona kwamba zikikusanywa za watu wote, ndizo zinazoendesha kampuni. Basi akazizuia. Watu husema mfanyakazi hana kitu, akisusia atamdhuru nani? Jibu lilikuwa katika mabasi yale matupu.

Lakini na ukweli usemwe. Wako waliotembea kwa moyo, na wako waliotembea kwa hofu. Aliyeonekana ndani ya basi au na sigara mdomoni alijua la kumpata. Marekani nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wako waliopakwa lami na kubandikwa manyoya kwa ajili ya chai. Sisi hatuisifu hofu hiyo, wala hatutaki irudi. Mgomo unaoshikwa na hofu hushika mpaka hofu ihamie upande wa pili. Na ilihama. Tarehe 24 Aprili 1954 Serikali iliizingira Nairobi kwa majeshi, ikawachuja watu wa Kikuyu, Embu na Meru mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini.

Na huku Nyeri? Serikali ile iliyoita kususia basi uhalifu, yenyewe ilitumia silaha hiyo hiyo juu ya wake na watoto. Kwa amri za Hali ya Hatari ilitwaa ng'ombe za watu wasiohukumiwa na mahakama yoyote. Ilifunga maduka na masoko ya mtaa mzima kwa kosa la mtu mmoja. Mama aliyekuwa na ndizi zake za kuuza aliziona zikioza. Huko nako kulikuwa kususia, lakini aliyekosa ni mmoja na aliyeamua ni mwingine. Huo ndio udhalimu tunaousema.

WAJUMBE WALIPOSUSIA VITI

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika jimbo letu Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura asipokuwa na cheti cha uaminifu kwa Serikali. Bernard Mate wa Meru akashinda. Wanane hao walipoambiwa washike viti vya uwaziri chini ya katiba ya wakati ule, walikataa. Mwaka 1958 wakaongezwa wengine sita, akiwamo Jeremiah Nyagah wa Embu na Dakta Gikonyo Kiano wa Murang'a. Nao wakasimama pamoja na wenzao. Mapema mwaka 1959 wajumbe hao wa Kiafrika walisusia Baraza lenyewe, wakadai mkutano wa katiba. Mwezi wa Januari 1960 mkutano huo ukafunguliwa Lancaster House, London.

Hatusemi kwamba kususia viti peke yake ndiko kulikoleta mkutano. Wako waliofia misituni na vizuizini. Lakini twawapa wajumbe wale haki yao: walisusia kilicho chao. Uwaziri una mshahara, nyumba na gari. Waliviacha vyao kwanza, na dai lao lilikuwa moja ambalo London ingeweza kulijibu. Tom Mboya, mmoja wa wanane hao, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, naye alijua kwamba huwezi kumwambia mtu agome na wewe uko kazini.

Mwaka huo huo wa 1959 jirani zetu wa Buganda walipita njia nyingine. Chama kilichoitwa Uganda National Movement, mmoja wa viongozi wake akiwa Augustine Kamya, kiliwaambia watu wasinunue katika maduka ya wageni, na wengi wa wenye maduka hayo walikuwa Wahindi. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya katiba na viti vya baraza. Lakini mwenye duka la kijijini angefanya nini juu ya katiba ya Gavana? Angeweza kufunga duka tu na kwenda zake. Vitisho vikaingia, na mwezi wa Mei Serikali ikakipiga marufuku chama. Mgomo ulimlenga aliye karibu, ukamwacha aliye na uwezo. Ukimpiga punda kwa kosa la mwenye punda, mzigo hausogei.

NA SIKU HIZI JE?

Mwezi wa Novemba 1967 si mbali sana kwa wazee, na Novemba 2017 si mbali kwa yeyote kati yetu. Mwaka huo wa 2017, baada ya uchaguzi wa kurudiwa, viongozi wa muungano wa NASA waliwaambia wafuasi wao wasusie Safaricom, Brookside na Bidco. Tarehe 9 Machi 2018 wakubwa wawili wakapeana mikono Nairobi mbele ya wapiga picha. Baada ya hapo habari ya kususia ikazimika kama mshumaa.

Hatuingii hapa katika ugomvi wa kura ile. Chama chetu kina watu wa kila upande. Twauliza maswali ya mfanyakazi tu. Kibarua wa kiwanda cha mafuta ya kupikia aliulizwa? Mkulima mdogo anayepeleka maziwa yake asubuhi aliulizwa? Na yule mfuasi aliyetupa laini yake ya simu kwa moyo safi, siku ya kupeana mikono aliulizwa kama ameridhika? Wote hao hawakuulizwa. Mgomo ulianzishwa jukwaani ukamalizwa ngazini, na wenye kukosa wakapata habari redioni.

Huku kwetu mlimani wengi tulicheka. Tulisema ni mambo ya watu wa upande ule. Ndugu, tulikosea kucheka. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mkubwa aliyezoea kuwaanzishia wengine mgomo na kuwamalizia bila kuwauliza, kesho atatufanyia sisi, na atatukuta bado tunacheka.

MASHARTI YETU

Basi sisi hatusemi kususia ni kubaya. Ni silaha ya mnyonge, na wazee wetu waliitumia kwa ujasiri kuliko mabwana wa Virginia, maana walikuwa na kidogo na wakakizuia. Hatutaiacha. Lakini mwito wowote wa kususia ukifika Nyeri au mji wowote wa mlima huu, kwanza uletwe mkutanoni, nasi tuupime kwa masharti manne.

1. Dai liwe moja, liandikwe, na anayelengwa awe na uwezo wa kulitimiza. "Mpaka wakome" si dai.

2. Anayetia sahihi akose kwanza. Mbunge akisema tuache kampuni fulani, atuonyeshe kwamba ameuza hisa zake humo na kuondoa akaunti yake. Akisema tutembee kwa miguu, tumwone njiani asubuhi, viatu vikiwa na vumbi.

3. Bei ilindwe na mwenye kuumia asaidiwe. Watu wakihama bidhaa moja kwenda nyingine, mwenye ile nyingine asipandishe. Kamati iende Karatina sokoni na madukani, ishike bei ya leo na bei ya kesho. Na mfanyakazi atakayepunguzwa kazini kwa ajili ya mgomo huo awe na mfuko wa kumshika mkono.

4. Mgomo umalizwe kwa kura ya waliokosa. Wakubwa wakitaka kupeana mikono, wapeane. Mikono ni yao. Lakini chungu cha jikoni ni chetu, nasi ndio tutakaosema lini tumerudi kununua.

Tena, asiwepo wa kutishwa. Anayekataa kususia aelezwe na abishiwe, jina lake lisemwe mkutanoni ikibidi, lakini asiguswe yeye wala duka lake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vilivyofungwa kwa kamba haviwezi kumshika.

Wako watakaotuambia kwamba masharti haya ni mazito, na kwamba wakati wa vita hakuna mikutano. Tunawajibu kwamba wakati wa Hali ya Hatari watu walikuwa wamezuiliwa hata kutembea bila pasi, na bado walikaa gizani wakaulizana. Wewe mwenye simu mfukoni na ukumbi wa kukodi, umezuiwa na nani kutuuliza?

Siku ya 20 Oktoba ikifika tena, tukisimama kuwakumbuka mashujaa, tuwakumbuke na wale wasio na sanamu: waliotembea alfajiri kando ya mabasi matupu, na mama wa Nyeri ambaye soko lake lilifungwa na mkono wa mwingine. Kila mmoja wao alilipa. Tuliobaki tuna deni moja kwao, tusikubali tena kulipishwa bila kuulizwa.

Leteni maoni yenu tawini. Anayepinga aje apinge mbele ya wenzake.

UMOJA NI NGUVU.